Ngata Moja, Vichwa Vitatu

Hapo zamani, wala msinivute mpaka enzi za mazimwi na wafalme, maana zamani yangu mimi ni ya juzijuzi na waliokuwapo bado wanatafuna mahindi kwa meno yao wenyewe, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi huko mlimani kikiitwa Kirangwi. Kaeni vizuri. Hadithi hii mwisho wake sina. Nitawaachia ninyi mhangaike nao.

Kirangwi hapakuwa na shamba la maana, mawe matupu. Walichokuwa nacho ni shimo la udongo mwekundu unaonata, na shimo lenyewe lilikuwa mali ya wanawake. Kila mwaka mvua zilipokatika, kabla jembe la mtu halijagusa pale, mwenye shimo alishuka peke yake, akachimba, akajitwisha udongo wa kwanza, akapanda nao mpaka uwanjani. Wanawake wote walimfuata nyuma kimya. Mzigo hakuushika kwa mkono. Hakusema neno. Na zaidi ya yote, hakugeuza shingo. Akigeuza shingo, walisema, vyungu vya mwaka mzima vitapasuka motoni na watoto watalala njaa.

Mwenye shimo alijulikana kwa ngata yake, ile pete ya kutulizia mzigo kichwani, ngata ya magamba ya mgomba iliyosukwa ikasukwa tena juu ya ile ya zamani, imekolea jasho la vichwa vya mabibi. Mwenye ngata ndiye aliyesema nani achimbe na nani asichimbe. Nyumba iliyofukuzwa shimoni ilifukuzwa na binti zake na wajukuu zake. Haikusafishwa kwa maneno wala kwa mbuzi. Ilisafishwa siku ile tu ngata ilipokaa juu ya kichwa cha mtu wa nyumba hiyo. Na ngata haikuhama ovyo: mwenye nayo, akiwa amesimama kwenye mdomo wa shimo na shingo yake imenyooka, aliiweka kwa mikono yake juu ya kichwa cha mwingine. Shingo ikimgeuka, wazee wa kike walimvua wakachagua wao. Shikeni hayo, nisije nikaulizwa tena mbele ya safari.

Basi mwenye shimo wa wakati huo alikuwa mjane mmoja, Namkunda. Mwanamke wa maneno machache, mikono mikubwa, chungu chake ukikigonga kinalia kama kengele. Mwaka mmoja, akiwa njiani na udongo wa kwanza kichwani, shingo yake ikaanza kuvuta. Ikavuta kushoto. Akaikaza irudi, nayo ikakaza zaidi, mpaka kidevu kikasimama juu ya bega na udongo ukaanguka chini mbele ya wote.

Mwaka ule vyungu vingi vilipasuka. Kuni zilikuwa mbichi, mimi nasema, lakini nani alikuwa akiniuliza mimi? Kijiji kilisema kwa mdomo mmoja: "Aliangalia nyuma. Shimo limemgeuza."

Namkunda alijua hakuangalia nyuma. Alilala shingo inavuta, akaamka inavuta, akala kwa kujipinda mwili mzima ili mdomo ukutane na kijiko. Maumivu yalimshuka mpaka kwenye bega. Lakini hayo yote aliyavumilia. Kilichomkosesha usingizi ni maneno yale, kwa sababu aliwahi kuyasema yeye.

Ndiyo. Kabla yake mwenye shimo alikuwa Navoneiwa, mama wa watoto wadogo, mcheshi, mpenda watu. Naye shingo ilimgeuka njiani. Namkunda, wakati huo mwali mbichi, ndiye aliyekuwa akitembea nyuma yake. Wazee wakamwuliza, "Wewe uliyekuwa karibu, umeona nini?" Akajibu, "Nimeona amegeuza shingo." Hakusema uongo, shingo iligeuka kweli. Kwamba iligeuzwa na mwenyewe au iligeuka yenyewe, hakuulizwa, naye hakujiuliza. Navoneiwa akavuliwa ngata, nyumba yake ikafukuzwa shimoni. Wazee wakamletea Namkunda ngata ile, na Namkunda akainamisha kichwa akaipokea. Navoneiwa alikufa miaka baadaye akitazama ukuta, maana ndiko shingo yake ilikotaka atazame.

Sasa zamu ikawa ya Namkunda. Wazee wakaichukua ngata wakampelekea mke mwenzake mdogo, Nambua, ili naye amfukuze shimoni. Mwajua mambo ya wake wenza. Kijiji kizima kilikaa mkao wa kula, kikisubiri Nambua acheke.

Nambua hakucheka. Alisema, "Wazee wangu, udongo wa kwanza nitaubeba, watoto wasife njaa. Lakini ngata hii ina mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Irudisheni mlikoitoa."

"Utabebaje bila ngata?"

"Nina kichwa," akasema Nambua.

Akabeba. Mwaka ule na miaka iliyofuata, Nambua alipanda na udongo mbichi na mawe yake juu ya kichwa kitupu, mikono chini, macho mbele. Utosi ulichubuka, ukapona, ukachubuka tena, mpaka nywele pale zikakataa kuota. Kila mwaka wazee walimletea ngata, na kila mwaka aliwajibu, "Ina mwenyewe." Kuna waliosema anajifanya. Kuna waliosema ndiye aliyemroga mwenzake na sasa anaogopa kuigusa. Aliwasikia wote, akaendelea kusonga ugali.

Nyumbani humo alikuwamo pia Nakiete, dada wa marehemu mume wao, wifi yao hao wawili. Siku moja Nakiete alikuwa akimfuta Namkunda uji shavuni. Kidole kikagusa taya, kugusa tu, bila nguvu, na shingo ikarudi katikati. Akaondoa kidole, shingo ikaenda zake. Akarudisha kidole, shingo ikarudi.

"Wifi, umenifanya nini?" akauliza Namkunda.

"Sijafanya kitu. Nimekugusa."

"Basi usiondoe."

Nakiete hakuondoa. Kidole cha Namkunda mwenyewe nacho kilisaidia kidogo, lakini mfinyanzi anahitaji mikono yote miwili, na mikono ikiwa ndani ya udongo haishiki shavu. Kwa hiyo Nakiete akawa anakaa kushoto kwake. Sokoni, kushoto kwake. Msibani, kushoto kwake. Vyungu vyake mwenyewe alivifinyanga kwa mkono mmoja, vikatoka vimelemaa, wateja wakamhama mmoja mmoja. Kulikuwa na mwanamume wa kijiji cha pili aliyekuwa akimtaka, mtu mzima mwenye adabu. Kila alipokuja alimkuta kashika shavu la mtu. Akasubiri, maskini, akasubiri, mwisho akaoa kwingine. Wewe unayecheka hapo nyuma, mwenzako hakucheka. Alilia jikoni, akajifuta, akarudi kushoto.

Ni Nakiete huyohuyo aliyesikia kwamba katika hospitali kubwa bondeni kuna daktari wa kike anayeshughulika na shingo. Akamfunga Namkunda kitenge, akamteremsha.

Daktari Naelijwa alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti. Alimgusa Namkunda shingo yote, msuli mmoja baada ya mwingine, akamwambia ageuke, ainame, atulie. Nakiete akamwonyesha ule ujanja wa kidole, akidhani atamshangaza. Daktari akatabasamu. "Wagonjwa wengi huugundua wenyewe, shangazi. Ndio ulionithibitishia kuwa ni ugonjwa ninaoufikiria." Kisha akamgeukia Namkunda. "Mama, hujarogwa, na hukukosea. Ubongo wako unatoa amri ambayo hukuituma, na misuli ya upande huu inatii. Vitabuni tunauita distonia ya shingo."

Namkunda akamwuliza, "Kwa hiyo sikuangalia nyuma?"

"Hukuangalia nyuma."

Namkunda akafunika uso kwa kitenge akalia, na Nakiete akadhani analia kwa furaha. Alikuwa anamlilia Navoneiwa.

Kwanza akachomwa sindano za kulegeza misuli. Zilimpa nafuu, akapata usingizi, akarudi kuchomwa tena na tena. Halafu mwili ukazizoea, zikawa maji. Ndipo daktari akamkalisha akamwambia kuhusu kisu.

"Kila msuli una mshipa wa fahamu unaouletea amri," akasema. "Nitakupasua nyuma ya shingo. Ile mishipa inayokwenda kwenye misuli inayokuvuta nitaikata. Mingine nitaiacha. Kabla ya kukata nitaigusa kwa umeme mdogo, nione ni msuli upi unaruka, nisikate kisichohusika. Mungu akijalia, shingo itasimama. Lakini sikufichi. Watu wengine hawapati nafuu waliyotarajia. Wengine humeza kwa shida kwa muda. Na wewe, kuanzia kisogoni hadi utosini, ngozi itakufa ganzi, na shingo haitakuwa na nguvu ya zamani. Mzigo kichwani usahau mpaka kufa."

Hapo ndipo penyewe. Kwa mwanamke wa Kirangwi, kuambiwa usahau mzigo kichwani ni kuambiwa usahau shimo. Namkunda akapima. Akiwa na shingo iliyopinda asingeweza kubeba ngata. Ikinyooshwa, asingeweza pia. Lakini ikinyooka angeweza kitu kimoja: kusimama kwenye mdomo wa shimo na kuikabidhi kwa mikono yake mwenyewe, wazee wasije wakachagua wanavyotaka.

"Nipasue," akasema. "Nataka nimtazame mtu usoni kabla sijafa."

Asubuhi ya upasuaji daktari alikuja kitandani peke yake. Hakukaa. "Mama, kabla hujalazwa usingizi, ni haki yako ujue ni mkono wa nani utakaoshika kisu. Mimi nimelelewa kwa wajomba, ndiyo maana hukunijua. Mama yangu alikuwa Navoneiwa wa Kirangwi."

Kidole cha Nakiete kilikuwa shavuni pa Namkunda kama kawaida.

"Unajua ni mimi niliyesema?" akauliza Namkunda.

"Najua tangu siku ile ulipotaja jina lako na kijiji chako."

"Na bado utanipasua?"

"Nilisomea kazi hii kwa sababu ya shingo moja tu, na nilipomaliza masomo, mwenye shingo alikuwa kaburini. Wewe ni mgonjwa wangu. Yupo daktari mwingine, mtu mzuri, ukimtaka nitamwita sasa hivi na sitakasirika. Ila kwa shingo kama yako, mimi ndiye niliyezoea zaidi."

Namkunda aliogopa, msimwonee. Alikuwa anaenda kulala kifudifudi, hana habari, kisogo wazi, mbele ya mtoto wa mtu aliyemvunjia nyumba. Akamwambia Nakiete aondoe kidole. Shingo ikageuka kushoto, na upande huo ndiko alikokuwa amesimama daktari.

"Nipasue wewe," akasema.

Akampasua. Kazi ilichukua sehemu kubwa ya siku. Mshipa mmoja akaugusa, msuli ukaruka, akaukata. Mwingine akaugusa, ukaruka usiohusika, akauacha. Wauguzi waliokuwamo walisema hawakuona mkono wake ukisita. Alipomaliza akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, akalia huko peke yake.

Namkunda alipozinduka, koo lilimkataa, uji ulishuka kwa tabu majuma kadhaa. Kisogo alikigusa akaona anagusa cha mtu mwingine. Alifundishwa upya mbele ya kioo, geuza kulia, rudi, geuza kushoto, rudi, mpaka jasho. Lakini shingo ilisimama. Ikalegea kidogo, ikachoka jioni, ila ilisimama. Kidole cha Nakiete kwa mazoea kiliendelea kuinuka hewani, kikakosa kazi, kikashuka.

Akarudi Kirangwi. Wazee wakamzunguka, wakamtazama mbele na nyuma. Wakasema, "Imenyooka. Ngata bado ni yako. Na kwa kuwa huwezi tena kujitwika, ikabidhi. Mvua zikikatika, kabla ya udongo wa kwanza, tuijue nyumba itakayokaa."

Siku ikafika. Wanawake wa Kirangwi wakasimama kuzunguka shimo. Namkunda akasimama mdomoni pake, ngata mikononi. Akauliza, kama desturi inavyotaka, "Nani anaitaka?"

Akatoka Nakiete.

"Wifi," akasema, "sijawahi kukudai kitu. Leo nakudai. Kama si kidole changu, ungekaa ndani mpaka ukafa. Nilikupeleka sokoni, nilikupeleka misibani, ulikula ukiwa umenyooka kwa sababu yangu. Vyungu vyangu vimelemaa kwa ajili ya shavu lako, na mwanamume aliyenitaka analea watoto wa mwingine. Sina mume, sina mtoto, sina mteja. Wenzangu hawa wana pa kurudi. Mimi ukininyima nitakwenda wapi? Kama si kidole changu, hata hiyo hospitali ungeisikia kwa nani? Ngata ni yangu."

Akatoka Nambua. Akavua kilemba, na wote wakauona ule utosi.

"Dada," akasema, "sikuchukua ulipokuwa chini. Niliambiwa chukua, nikakataa. Nikaambiwa tena, nikakataa. Kama si kichwa changu hiki, leo ungekuwa umeshika hewa, maana ngata isingekuwapo ya kumpa mtu. Nilikataa kwa sababu ilikuwa yako, na ukiwa hai siwezi kukuvua. Sasa unaivua mwenyewe. Nina binti watatu, wamebeba matusi ya kuitwa watoto wa mchawi kwa ajili yako. Mzigo nimeshaubeba. Ninachokuomba ni ngata tu. Kama si kichwa changu, Kirangwi wangekula nini miaka yote hii? Ngata ni yangu."

Wanawake wakanong'ona. Ndipo watu wa nyuma wakapisha njia, na daktari Naelijwa akapita kati yao, na nyuma yake binti za kaka zake, wasichana ambao mguu wao haukuwahi kukanyaga pale.

"Mama," akasema, "ada ya hospitali ilishalipwa, huna deni langu. Sikuja kudai malipo ya kazi. Kama si kisu changu, usingesimama hapo ulipo, lakini hilo ningemfanyia mgonjwa yeyote. Nimekuja kwa ajili ya mama. Shingo yako na shingo yake ni ugonjwa mmoja. Wewe umenyooshwa, yeye amezikwa imepinda. Mabinti hawa wanaokota kuni za watu kwa sababu ya maneno yako matatu. Sitafinyanga, mimi sijui. Niwekee ngata kichwani, nipande na udongo mara moja, nyumba yetu isafishike, kisha nitamwachia mmojawapo wa hawa. Uliichukua kwetu. Ngata ni yetu."

Nambua akamjibu palepale, kwa upole. "Mwanangu, uchungu wako naujua. Lakini mama yako hakuvuliwa na mimi. Mimi nilipoletewa cha mwenzangu, nilikataa. Mbona nilipe mimi deni la aliyepokea?"

Nakiete naye akasema, "Na wewe daktari una kazi, una mshahara, una jina. Mimi nina nini?"

Daktari akasema, "Una kumbukumbu kwamba ulimshika mtu wako akiwa hai. Mimi wangu hakushikwa na mtu."

Namkunda akawatazama. Aliweza sasa: akamtazama wa kulia, akamtazama wa katikati, akamtazama wa kushoto, kila mmoja machoni, shingo ikienda anakoituma. Alitamani iwe imepinda bado, asiwaone. Wote watatu wakainamisha vichwa, kimoja kina kipara, kimoja kina mvi za mapema, kimoja nywele zake zimechanwa kwa adabu. Akainua mikono.

Msiniambie aikate ngata vipande vitatu, ngata ikikatwa ni takataka. Msiniambie awape zamu, maana ngata ikiingia nyumba huzeekea humo, na aliye wa mwisho ataisubiri akiwa kaburini. Msiniambie aifute ile adhabu kwa mdomo, nilishawaambia nyumba ile haisafishwi kwa maneno. Na wazee walikuwa wamesimama pale, wakimsubiri ashindwe ili wachague wao. Wapo wanaosema walimwona alivyoiweka, na kila mmoja wao anataja kichwa tofauti. Mimi sikuwa nimeruhusiwa kufika karibu, mwajua mimi ni mwanamume.

Basi ninyi mmekula ugali wangu na mmesikiliza mpaka mwisho. Mmoja alimshika alipokuwa amepinda. Mmoja alimtunzia chake asikipoteze. Mmoja alimnyoosha, naye ndiye aliyedhulumiwa. Yule utakayemchagua atapanda na udongo. Wale wawili watarudi nyumbani, na Namkunda atalazimika kuwatazama usoni maisha yake yote. Je, nani alistahili ngata?